Shilingi moja, tabia tatu: kwa nini serikali zetu hazikubaliani kuhusu kripto

Vijana wa hapa Londiani wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, huwa wana swali moja wananiuliza. Kama Bitcoin ni ile ile dunia nzima, mbona ukiwa Kenya unaambiwa hivi, ukivuka Namanga unaambiwa vile, na ukivuka Busia unaambiwa kingine kabisa? Wengi huwa na jibu lao tayari: eti serikali moja inaielewa teknolojia na nyingine haiielewi. Jibu hilo mimi silikubali. Leo nataka kueleza jibu langu, na kwa kuwa ni jibu la historia, itabidi tuanze mbali kidogo. Mnivumilie.

Kwanza mambo ya ufundi, kwa ufupi. Bitcoin ilianza kufanya kazi Januari 2009. Ni programu inayotunza daftari moja la hesabu katika maelfu ya kompyuta kwa wakati mmoja, na kompyuta hizo hukubaliana zenyewe ni nani ana kiasi gani. Haina makao makuu wala mkurugenzi wa kuitwa ofisini. Kwa hiyo serikali haiwezi kulifunga daftari lenyewe. Inachoweza ni kusimama mlangoni, yaani pale sarafu hizi zinapogeuzwa kuwa shilingi, au shilingi kuwa sarafu.

Hapa kwetu mlango huo ni M-Pesa. Kijana anayewatengenezea tovuti wateja wa ng'ambo hulipwa kwa USDT, sarafu ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. Humtafuta mnunuzi mtandaoni, mnunuzi humtumia shilingi kwa M-Pesa, naye akishazipata huachilia sarafu. Kisha huenda kwa wakala kutoa pesa zake kama mtu mwingine yeyote. Lakini serikali ina milango mingi: fedha za kigeni, pesa za simu, mabenki, masoko ya mitaji, ushuru. Ukitaka kujua kwa nini serikali zinatofautiana, tazama kila moja ilikimbilia mlango upi kwanza, kisha uulize kwa nini ulikuwa huo.

Sisi waandishi wa programu tuna uzoefu unaosaidia hapa. Ukikabidhiwa mfumo wa zamani ulioandikwa na watu waliokwisha ondoka, hukuta ndani yake masharti ya ajabu. Utakuta mahali pameandikwa kwamba kiasi kikizidi hiki, simamisha kila kitu, na hakuna maelezo. Ukichimba ndipo utagundua kwamba kuna siku kitu kiliharibika vibaya, na mtu akaweka sharti hilo ili kisirudie. Sheria za fedha nazo ziko hivyo. Kripto ilipofika Afrika Mashariki haikukuta karatasi nyeupe. Ilikuta mifumo mitatu ya zamani, kila mmoja na makovu yake.

Cha kushangaza ni kwamba mifumo hiyo mitatu ilianza ikiwa mmoja. Reli ya Uganda ilipopita huku kwetu na kufika Kisumu mwaka 1901, pesa iliyosafiri nayo ilikuwa rupia ya India. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa ikaja florini, na mwaka 1921 florini nayo ikaondolewa ikaja shilingi, shilingi mbili kwa kila florini. Wenyeji hawakuulizwa. Tanganyika iliyokuwa imetawaliwa na Wajerumani ikaingizwa katika shilingi hiyo hiyo, na Zanzibar ikaiacha rupia yake mwaka 1936. Kwa zaidi ya miaka 40, shilingi iliyonunua chai Kericho ilinunua pia samaki Mwanza na ndizi Masaka.

Mwaka 1966 kila nchi ilifungua benki kuu yake: Benki Kuu ya Tanzania, Benki Kuu ya Uganda na Benki Kuu ya Kenya. Kwa lugha yetu, nakala moja ya programu iligawanywa mara tatu, na kila timu ikaanza kuandika yake. Tofauti tunazoziona leo zilianzia hapo.

Tuanze na Tanzania. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki ya binafsi yakataifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, na fedha za kigeni zikawa kitu cha kugawiwa na serikali. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uhaba ulikuwa mkubwa. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, uliendeshwa msako wa wahujumu uchumi, na watu wengi wakakamatwa kwa bidhaa na fedha walizodaiwa kuficha. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ililegeza kamba, lakini haikufungua kila mlango. Wazo la kwamba dola ikitoka bila kuonekana nchi imeibiwa lilibaki ndani ya mfumo.

Sasa tazama tarehe. Novemba 2018 maduka ya kubadilisha fedha za kigeni Arusha yalivamiwa katika msako ambao hata wanajeshi walishiriki, na mwaka 2019 msako ukafika Dar es Salaam. Maduka mengi yakafungwa. Tarehe 12 Novemba 2019, mwaka huo huo, Benki Kuu ya Tanzania ikatoa tangazo dhidi ya sarafu za kripto. Tangazo hilo halikusema teknolojia ni mbaya. Lilisema kwamba biashara ya sarafu hizo inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni, na kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Mtu aliyeona maduka ya dola yanafungwa hakupaswa kushangaa. Kwa jicho la mfumo ule, USDT ni duka la dola ambalo askari hawezi kuliona.

Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa fedha hizi za kidijitali. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Lakini ile hofu ya zamani haikufutika: Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kukataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni.

Tuvuke sasa kwenda Uganda, ambako kovu ni lingine. Wakati wa Idi Amin na baada yake shilingi ya Uganda ilianguka vibaya. Mwaka 1987 serikali ya Yoweri Museveni ilitoa shilingi mpya, ikafuta sifuri mbili, na kila aliyekwenda kubadilisha akakatwa asilimia 30. Baada ya hapo Uganda ikaamua njia tofauti na Tanzania. Miaka ya 1990 ilifungua soko la fedha za kigeni, na mwaka 1997 ikaondoa vizuizi vya kuingiza na kutoa mitaji. Kwa hiyo afisa wa Kampala hakuwa na kanuni ya dola ya kukimbilia. Ilibidi atafute mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa utapeli. Michezo ya upatu wa mtandao imetuumiza sote. Kenya ilikuwa na mikasa ya upatu katikati ya miaka ya 2000, hadi serikali ikaunda kikosi kazi cha kuichunguza. Tanzania ilikuwa na DECI mwaka 2009. Uganda ilikuwa na COWE mwaka 2007. Februari 2017 Benki Kuu ya Uganda ilipotoa onyo lake, ilikuwa inaonya kuhusu OneCoin, ambayo baadaye dunia nzima ilikuja kujua kwamba ni ulaghai. Mwaka 2018 mambo yalionekana kugeuka: Museveni alifungua mkutano wa teknolojia hii Kampala, na kampuni ya Binance ikaichagua Uganda kwa soko lake la kwanza la kununua kripto kwa fedha za kawaida. Lakini Desemba 2019 ofisi za Dunamiscoins zikafungwa ghafla, na maelfu ya watu waliokuwa wameweka akiba zao wakabaki wamesimama nje.

Hatua iliyofuata ilielekezwa kwenye simu. Uganda ilikuwa imepitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa mwaka 2020. Aprili 2022 Benki Kuu ikaiandikia kila kampuni yenye leseni chini ya sheria hiyo kwamba isisaidie kugeuza kripto kuwa pesa za simu. Kuna aliyepeleka shauri mahakamani, na Aprili 2023 mahakama ikaitupa kesi hiyo. Ona tofauti: Tanzania ilisimama kwenye mlango wa dola, Uganda ikasimama kwenye mlango wa pesa za simu.

Haya, turudi nyumbani. Watu husema Kenya ni nchi ya ubunifu, ndiyo maana haikupiga marufuku. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Kenya nayo ilikuwa na sheria kali za fedha za kigeni hadi miaka ya 1990, na zilifutwa kabisa mwaka 1995. Katikati ya kulegezwa kwake tuliona kashfa ya Goldenberg, ambapo mabilioni yalilipwa kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwepo. Naamini Kenya ilijifunza kwamba vizuizi vya dola pia ni shamba la wizi.

Somo la pili lilikuwa M-Pesa. Ilipoanza Machi 2007 hakukuwa na sheria ya pesa za simu. Benki Kuu haikupiga marufuku wala haikusubiri sheria. Iliandika barua ya kutokuwa na pingamizi, mradi pesa za wateja ziwekwe benki chini ya wadhamini. Desemba 2008 kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, alipotilia shaka huduma hiyo, ulifanywa ukaguzi, na mwanzoni mwa 2009 ikatangazwa kuwa ni salama. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011, miaka minne baada ya huduma kuanza. Kuanzia hapo tabia ya Nairobi ikawa: acha kitu kifanye kazi, kitazame, sheria itafuata.

Lakini usisahau M-Pesa ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Safaricom, kampuni yenye anwani, yenye mkurugenzi, na ambayo serikali yenyewe ilikuwa na hisa nyingi ndani yake. Pesa zisizo na mwenyewe wa namna hiyo hazikupata upole ule. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa ili kubadilishana bidhaa pale shilingi zinapoadimika. Mwanzilishi na wakazi kadhaa wakakamatwa na kushtakiwa, na mashtaka yakaondolewa Agosti mwaka huo. Hapo hapakuwa na kompyuta wala Bitcoin. Ilikuwa karatasi tu, lakini iliigusa haki ya serikali ya kutoa pesa.

Mwaka 2015 ikaja zamu ya BitPesa, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013 kutuma pesa kwa kutumia Bitcoin. Ilipitia Lipisha kufika M-Pesa, na Safaricom ikaikata Lipisha ikisema biashara hiyo haina idhini ya Benki Kuu. Desemba 2015 Mahakama Kuu ilikataa kuiamuru Safaricom irudishe huduma kwa muda. Mwezi huo huo Benki Kuu ikatangaza kwamba Bitcoin si fedha halali, na kwamba jukwaa linalokuwekea sarafu hizo likianguka huna ulinzi wowote. Hawakupiga marufuku mtu kununua. Walisema tu: ukipotea, usituite.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka 10, na hapa ndipo nina ugomvi na serikali yetu. Mwaka 2018 kiliundwa kikosi kazi kilichoongozwa na Bitange Ndemo, na ripoti yake ikatoka mwaka 2019. Sheria haikuja. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu KICC wapigwe picha ya mboni na Worldcoin ili wapate sarafu zenye thamani ya takribani shilingi 7,000, na serikali ikasimamisha zoezi Agosti 2 baada ya foleni kushindikana. Tarehe 1 Septemba 2023 kitu kikaja, nacho kilikuwa ushuru: asilimia 3 ya thamani ya kila mali ya kidijitali inayouzwa au kuhamishwa, uwe umepata faida au hasara. Serikali iliyosema haikutambui iliweza kukutoza. Ushuru huo ulifutwa na Sheria ya Fedha ya 2025, ukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada zinazotozwa na kampuni za huduma hizi. Sheria ya watoa huduma wa mali za kidijitali ilitiwa sahihi Oktoba 2025 na kuanza kutumika Novemba 4, ikiwapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni. Hesabu mwenyewe: ushuru ulitangulia, na ulinzi ukafuata miaka miwili baadaye.

Kama hoja yangu ya makovu ni kweli, inapaswa kufanya kazi nje ya kwetu pia. China, yenye udhibiti mkali wa fedha zinazotoka nchini, ilipiga marufuku biashara ya kripto kabisa Septemba 2021. Ni mantiki ile ile ya Dar es Salaam, kwa kiwango kikubwa zaidi. Upande wa pili ziko nchi mbili zilizowahi kuifanya Bitcoin kuwa fedha halali: El Salvador mwaka 2021 na Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2022. Zinafanana nini? Hakuna hata moja iliyokuwa na sarafu yake. El Salvador imetumia dola ya Marekani tangu 2001, na Afrika ya Kati inatumia faranga ya CFA pamoja na majirani zake. Asiye na shilingi yake hana cha kulinda. Hata hivyo Afrika ya Kati iliifuta sheria hiyo mwaka 2023 baada ya benki ya kanda kupinga, na El Salvador iliondoa ulazima wa kuipokea Bitcoin mwaka 2025, baada ya kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo.

Mtauliza, kama kila nchi ina historia yake, mbona sasa zinaanza kufanana? Kwa sababu kuna mlango mmoja ambao hatuumiliki. Mwaka 2019 FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, kilitaka kila nchi isimamie kampuni za kripto. Nchi yenye upungufu katika vita hivyo huwekwa kwenye orodha ya kuangaliwa kwa karibu, na mabenki ya nje huanza kuitilia shaka. Uganda ilikuwa humo kuanzia 2020 hadi 2024, Tanzania kuanzia 2022 hadi 2025, na Kenya iliingizwa Februari 2024. Sheria yetu ya 2025 ilisukumwa zaidi na orodha hiyo kuliko na kilio cha mtu aliyetapeliwa.

Na huyo aliyetapeliwa ndiye ninayemwaza. Katika kaunti zetu za majani chai watu wengi wanaweka akiba kwenye Sacco. Tangu Sheria ya Sacco ya 2008, Sacco inayopokea amana lazima iwe na leseni, na mambo yakiharibika kuna mlango wa kubisha. Kijana wetu wa USDT hakuwa na mlango huo kwa miaka 10. Ndugu yake akiwa Arusha alikuwa mvunja sheria, na akiwa Kampala simu yake haikuruhusiwa kumpokelea. Watu watatu, sarafu ile ile, programu ile ile, na wote watatu wakipoteza pesa hakuna wa kumwendea.

Kwa hiyo ukisikia serikali imetangaza jambo kuhusu kripto, usiulize tu kama imeruhusu au imekataza. Uliza imesimama mlango gani, na inamlinda nani pale: shilingi, hazina ya serikali, sifa ya nchi mbele ya mabenki ya nje, au wewe. Mara nyingi utakuta wewe ni wa mwisho kwenye foleni. Leseni zitakapotolewa, kazi yetu ni kusoma masharti yake tukitafuta jambo moja: kampuni ikianguka, pesa za mteja ziko wapi, na nani ana wajibu wa kuzirudisha. M-Pesa iliulizwa swali hilo mwaka 2007, kabla ya huduma kuzinduliwa. Hawa nao waulizwe.